Matete ya Mama Pale Tlawi

Bwana mpimaji alisimama kwenye mstari wa matete, juu kabisa ya shamba la mama, akasema ziwa linaanzia hapo. Shamba lote lilikuwa upande wa chini. Yaani miaka yote hiyo mama alikuwa akilima viazi vitamu ziwani!

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, na wapimaji walikuwa wamefika kwetu Tlawi, kando ya ziwa, kutenganisha nchi kavu na maji. Tulikuwa tumeshatangaziwa mkutanoni: mwenye shamba kwenye nchi kavu atabaki nalo, asiye nalo atapelekwa tambarare ya Hanang, kwenye kijiji kipya upande wa Gehandu. Mama alikuwa mjane. Hakuwa na shamba jingine, na kaburi la baba lilikuwa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, basi nikasukumwa mbele niseme, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza.

"Haya matete tumeyapanda sisi," nilisema. "Yanazuia maji ya mlimani yasichukue udongo wa shamba. Na ng'ombe wanakula."

Mpimaji alikuwa kijana mpole, mgeni kutoka mkoa mwingine, na alikuwa amemwamkia mama shikamoo vizuri kabisa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba sikupata sababu ya kumtukana.

"Dada, matete hayapandwi," alisema. "Yanaota penye maji. Ziwa limerudi nyuma kwa sababu ya ukame tu. Kesho asubuhi tunavuta mnyororo wa kupimia hapa."

Matete hayapandwi! Mama alileta mbegu ile kutoka kwao alipoolewa. Yeye na baba waliipanda pamoja, na kila mwaka mama aliziba mapengo kama mtu anavyotia viraka kwenye nguo ya kanisani. Sasa usafi wa mstari wake ndio uliokuwa unamponza. Damu ilinichemka, lakini mtu akishaondoka na fito zake begani utabishana na nani?

Mama hakulia. Alisubiri wapotee kwenye kona, kisha akaniambia nilete majembe.

Tuling'oa matete jua likiwa bado juu, tukiyaburuta mpaka zizini. Mizizi ilikuwa imeshikana, ikawa inatoka na mabonge ya udongo mweusi. Nilikuwa na hofu ya kila sauti njiani, nikidhani wamerudi.

"Mama, na mvua ikija?" nilimuuliza.

"Mvua haijaja," alisema. "Mnyororo unakuja kesho."

Asubuhi mpimaji alifika na watu wake wawili wa mnyororo. Alitembea juu ya shamba kwenda na kurudi, akitazama chini. Udongo ulikuwa umefukuliwa, hata kipofu angejua. Mama alisimama ameficha mikono ndani ya kanga kwa sababu ilikuwa imechanikachanika.

"Mama, matete yako wapi?"

"Ng'ombe wamekula," mama alijibu kwa Kiswahili chake.

Mpimaji aliangalia zizi, akamwangalia mama. Kisha akawageukia wenzake.

"Shusheni mnyororo. Mpaka kwenye maji."

Shamba la mama likawa nchi kavu. Nilimkumbatia, naye akanisukuma polepole akisema ana kazi.

Mvua zilikuja kubwa mwaka ule. Maji ya mlimani hayakukuta kitu cha kuyazuia. Yalipita katikati ya matuta, yakachimba korongo, yakaubeba udongo na viazi vyake hadi ziwani. Ziwa nalo likapanda kulaki kilichobaki. Mama alikwenda mkutanoni kuomba shamba, hata la huko Gehandu, angekubali. Mwenyekiti wa kijiji alimjibu mbele ya watu kwamba yeye shamba analo, limepimwa, na wote waliona mnyororo ukipita.

Nilipoajiriwa kufundisha Dongobesh nilimchukua tukaishi pamoja. Alikuwa mtu wa kukaa mlangoni, mikono mitupu, akitazama mashamba ya wengine. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Jioni moja nilikuwa naandaa somo la jiografia, ramani ya Tanzania imetandazwa mezani. Aliuliza naandika nini. Nikamweleza kwamba ni ukubwa wa nchi kavu yote, maji ya maziwa yakiwa yametolewa.

Aliinama juu ya ramani.

"Na langu wamelihesabu humo?"

"Wamelihesabu, mama."

"Basi kanilimie," alisema, akarudi kukaa mlangoni.