Tofauti, kwa Maana ya Duluth

Watu wa Duluth, mji wetu wa baridi kaskazini mwa Marekani, hatusemi uongo. Tunao ukweli wa aina mbili tu, wa jikoni na wa mkutanoni. Chakula kikiwa kibaya tunasema "ni tofauti". Kikiwa kitamu hata mtu atamani kulamba bakuli, tunasema "si mbaya". Mtoto wa hapa huyajua haya kabla hajaota meno, na akishakua huyaita adabu.

Arlys Haugen alijaliwa adabu hiyo kuliko wengi. Alikuwa mpokea oda wa kampuni yetu ya mabomba tangu nywele zake zikiwa na rangi. Fundi akipiga simu kutoka chini ya nyumba ya mtu, maji yamemfika magotini, Arlys humtafutia vali kwenye kompyuta huku akimuuliza hali ya mama yake. Kisha Verlyn, mumewe, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakawa yanamtoka mojamoja, na hakuweza tena kuachwa peke yake. Binti yao alikuwa Arizona, ambako upendo hutumwa kwa kadi. Arlys akaomba afanyie kazi nyumbani kwake, kando ya ziwa, mwendo wa saa nzima barabara ikiwa safi bila theluji, na barabara zetu huwa safi mwezi wa Julai.

Kampuni ilikubali, ila kwanza ipatikane programu ya kumfikishia mtu kazi za ofisini kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Mfumo wa oda hubaki kwenye mashine kuu hapa mjini. Wewe kwako unaona picha yake tu, unabonyeza, nao unatii. Aliyepewa jukumu la kuchagua ni Brent Castille, mkuu mpya wa kompyuta, aliyehamia kutoka Houston, kusini kwenye joto, na makoti mazuri sana, yote ya mvua.

Brent alileta programu mbili zijaribiwe. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu kama supu ya hospitali, lakini ukiibonyeza inaitika. Ya pili ilikuwa na rangi, na vivuli, na kiduara kinachozunguka kwa madaha unaposubiri, na nafasi ya kukitazama ilikuwa tele. Kwa intaneti ile dhaifu ya kando ya ziwa, Arlys aliandika jina la vali, akaenda kumnywesha Verlyn dawa, akarudi na kukuta herufi ndiyo kwanza zinawasili. Stakabadhi alizozituma kwenye printa yake zilitokea mjini, ofisini kwa mkurugenzi.

Siku ya mkutano wa kuamua, jirani alibaki na Verlyn, na Arlys akaja ofisini. Alimkuta Lowell Stensrud wa mauzo jikoni, akikoroga kahawa.

"Ile ya pili ni takataka," Lowell alisema. "Jana imeniganda mpaka fundi akanikatia simu."

"Si umwambie Brent."

"Namwambia leo leo. Mimi simwogopi mtu."

Hapo Brent akaingia. "Lowell, kaka, ile mpya unaionaje?"

"Aa, ile?" Lowell akatazama kikombe. "Ni tofauti."

"Safi sana," Brent akasema, akampiga begani na kwenda zake.

Mkutanoni Brent alisimama mbele yetu na uso wa bwana harusi. "Jamani, ile ya kijivu mmejikaza tu kuisifu. Si mbaya, si mbaya, kila mtu si mbaya. Hayo ni maneno ya kumwambia mtoto aliyefeli. Lakini hii ya pili, mtu ananiambia ni tofauti, mwingine inavutia. Joyce wa hesabu kasema hajawahi kuona kitu kama hiki."

Joyce Amundson akatazama viatu vyake.

"Basi tunachukua ya pili."

Arlys akainua mkono. "Brent, ile ni mbovu."

Wote tukageuza macho, kana kwamba amevua nguo.

"Mbovu vipi, mama? Si mliniambia ni tofauti?"

"Ndiyo maana ya tofauti. Na si mbaya, maana yake nzuri kabisa. Verlyn aliponichumbia nilimwambia si mbaya, na nikaolewa naye. Mkileta hii, kazi ya nyumbani siiwezi, na mume wangu siwezi kumwacha. Waulize wenzangu."

Brent hakuwa mtu mbaya, namaanisha kwa lugha ya kawaida, si ya Duluth. Aliuliza. "Haya, nani mwingine anaona hivyo? Akisema mmoja tu, nabadilisha sasa hivi."

Lowell akakoroga kahawa iliyokwisha korogeka. "Kila kitu kina watu wake," akasema.

"Mtu huzoea," akasema Joyce.

Wengine wakakubaliana kwamba jioni kutakuwa na theluji. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, ndivyo isemwavyo. Wa kwetu hawana utovu wa adabu kiasi hicho. Hubaki vitini na kutazama dirisha.

Programu ikanunuliwa. Kiduara kikazunguka, mafundi wakachoka kungoja, wakapiga simu kwingine, na barafu ya ziwa ilikuwa haijayeyuka Arlys alipoacha kazi. Tulisikitika mno. Katika kusikitika hatuna mpinzani.

Tukamwandalia chakula cha kuagana, kila mtu na bakuli lake. Arlys alikuja na Verlyn, akamweka kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Lowell alileta nyama yake ya kusaga iliyookwa chini ya viazi, ambayo Arlys alikuwa ameiita si mbaya kila Krismasi. Akampakulia mwenyewe.

"Haya, dada yangu. Leo nimezidisha jibini kwa ajili yako. Ikoje?"

Arlys alitafuna polepole, akameza, akamtazama machoni.

"Ni tofauti," akasema.

Verlyn akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lowell akaweka kijiko chini. Joyce akarudi kwenye viatu vyake. Brent peke yake ndiye aliyefurahi. Akasogeza sahani, akaomba apakuliwe na yeye.