Kidole Kwenye Silikoni

Fundi anaziba sinki langu, na harufu ya silikoni, kali kama siki, imenirudisha uani kwetu Kibiti.

Mama alikuwa amenunua tangi la kioo la kufugia samaki, kuukuu, linalovuja. Alitoboa tundu la bomba kwa drili huku mimi nikilimwagia maji polepole, kioo kisipate moto kikapasuka. Akakwangua gundi ya zamani kwa wembe, akapaka silikoni mpya.

"Usiguse mpaka ikauke," alisema, akaenda kuswali.

Nikagusa. Kidole kikazama.

Siku mbili nililikwepa lile tangi. Mama alipolijaza maji, alinyunyiza unga wake wa vitumbua kulizunguka chini, aone patakapolowa. Tukachuchumaa. Sikupepesa macho. Unga ukabaki mkavu.

"Alhamdulillahi," alisema mama, nami nikapumua.

"Haya, sasa lete hicho kidole."

Akakipachika kwenye kile kishimo cha silikoni pembeni. Kikaenea barabara. Akacheka mpaka akakaa chini.

Fundi anafunga mkoba wake. "Usiguse mpaka kesho, mama."

Namsindikiza hadi mlangoni, kisha narudi jikoni haraka.