Siku Niliyomwita Baba "Mzee"

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Wote. Tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki niliyesoma naye chuoni. Yeye ndiye aliyebuni nembo, menyu, vibao vya barabarani na brosha za kuwekwa mapokezi. Mimi nilipiga picha na kuandika maneno. Wateja wetu walikuwa watu wa hoteli na nyumba za wageni, wa Makueni na wa Kitui, na tulijivunia kwamba hatukugusa kazi nyingine. Mwenye duka la simiti alikuja siku moja akitaka kibao, tukamwelekeza kwingine.

Kwenye tovuti yetu kulikuwa na ukurasa unaoeleza sisi ni nani. Rafiki yangu aliandika ukweli wake, kwamba wazazi wake ni walimu na kwamba tangu utotoni alipenda kuchora. Mimi niliandika kwamba nimekulia katika mambo ya hoteli, kwamba baba yangu alikuwa meneja kwa miaka mingi kando ya barabara ya Mombasa, na kwamba kwetu mgeni alikaribishwa kabla hajabisha hodi. Wateja waliipenda sana sehemu hiyo. Wengine waliisoma kwa sauti mbele yangu, nami nikawa natabasamu.

Baba yangu hajawahi kuwa meneja. Alikuwa msafishaji wa vyumba. Alianza kabla sijazaliwa, katika hoteli za madereva wa malori, akitandika vitanda, akifua shuka na kusugua vyoo vya wageni walioondoka alfajiri. Kwetu Kilungu kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanawake. Nilipokuwa shule ya msingi, wasichana wawili waliniuliza mbele ya darasa kama ni kweli baba yangu hufua shuka za watu asiowajua. Nilisema si kweli. Nadhani hapo ndipo nilipoanza, na kadiri nilivyokua uongo ule ulikua nami, hadi siku moja nikauvalisha tai na kuuita meneja.

Na shuka hizo ndizo zilizonisomesha. Ndugu zangu wanne pia.

Kisha tukapigiwa simu kutoka Kathonzweni. Mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa na hoteli ndogo pale sokoni na alikuwa ameongeza vyumba vipya nyuma. Alitaka picha, menyu na brosha. Rafiki yangu alipolitaja jina la hoteli nilijua mara moja, kwa sababu ndiko baba alikokuwa akifanya kazi, mwaka wa nne sasa. Nilijaribu kuikataa kazi ile. Nikasema ni mbali, nikasema watu wa huko hawalipi. Rafiki yangu akaniuliza tangu lini nimeanza kuogopa vumbi la safari, akaikubali.

Nilimpigia baba, nikazungukazunguka, nikauliza mvua, nikauliza mgongo wake, mwishowe nikauliza siku hizi anapumzika siku gani. Akaniambia ni Jumanne. Hakuuliza kwa nini nataka kujua. Nikapanga twende Jumanne.

Tulifika asubuhi kwa gari aliloazima rafiki yangu kwa mjomba wake. Mwenye hoteli alitupokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya gwaride, ambaye kila mtu pale alimwita Mwalimu. Tulikuwa bado tunasalimiana baba alipotokea kwenye kona ya jengo, kutoka kwenye kamba za kuanikia. Alikuwa amevaa dastikoti, koti lake la kazi, la bluu, lililopigwa pasi hadi mistari ya mikono ikaonekana. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuja kwa haraka, uso wake wote umefunguka, mkono wa kulia umeshaanza kunyooka.

Nyumbani tunamwita tata. Ndilo neno letu Wakamba, na sijawahi kumwita vingine tangu nilipojua kusema.

Nikasema, "Habari yako, mzee."

Nilisema kwa ile sauti tunayowasalimia nayo walinzi na watu wa mizigo, sauti yenye adabu isiyomtazama mtu. Mkono wake ulisimama. Hakuurudisha papo hapo. Kwanza aliufuta kwenye dastikoti, kana kwamba alikuwa ameukuta na maji. Tabasamu halikuondoka. Ila nililiona likibadilika, likawa lile analowapa wageni.

"Salama, madam," akasema. "Karibuni sana."

Akanipokea begi la kamera begani, akatangulia.

Nilijiambia kwamba ni kwa muda mfupi tu, kwamba nitamweleza baadaye, kwamba huenda hata yeye hakutaka mkubwa wake ajue. Niliyaamini hayo kama saa moja hivi. Baadaye kidogo nilimsikia Mwalimu akimweleza rafiki yangu kwamba mzee huyu leo ilikuwa siku yake ya kupumzika lakini aliomba mwenyewe aje, ili vyumba vikae vizuri mbele ya kamera. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyolisikia swali langu la simu. Alidhani nauliza ili nimkute akiwa na nafasi.

Mwalimu alitaka picha ya kitanda kikitandikwa. Rafiki yangu, ambaye hakujua lolote, alimwomba baba atandike polepole nasi tutapiga. Baba akaikung'uta shuka mara moja, ikapaa, ikatua sawasawa bila kuguswa. Akakunja pembe zake zikabana kama bahasha. Rafiki yangu alisahau taa aliyokuwa ameishika. Akamuuliza nani alimfundisha. Baba akajibu kwamba kazi yenyewe ndiyo hufundisha.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera. "Mzee, inua kidevu kidogo," nilisema. "Mzee, geukia dirishani." Aliinua na kugeuka kila nilipomwambia. Sijawahi kumpiga mtu picha aliyenitii hivyo.

Katikati ya kazi rafiki yangu, kwa wema wake tu, akamuuliza kama ana watoto.

"Ninao," akasema baba, macho kwenye mto aliokuwa akiupigapiga. "Wote wamesoma."

"Wako wapi sasa?"

"Wako kwenye kazi zao. Wanaendelea vizuri."

Alikuwa umbali wa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilijifanya nabadilisha lenzi.

Mchana Mwalimu alituketisha naye mezani. Msichana wa kuhudumu alikuwa ameenda mazishini, kwa hiyo baba ndiye aliyeleta birika na beseni la kunawia. Alianza kwa Mwalimu, akaja kwa rafiki yangu, kisha akasimama mbele yangu. Kabla ya kumimina, aligusa maji kwa nyuma ya kidole kuona kama yana moto wa kutosha au yamezidi. Wengine hakuwafanyia hivyo. Ndivyo alivyokuwa akitufanyia tulipokuwa wadogo, Jumapili anaporudi nyumbani. Nilinyoosha mikono. Alimimina na mimi nikanawa, nikanawa tena vidole vilivyokwisha kutakata, kwa sababu sikujua niache vipi. Kwetu mtoto ndiye anayemnawisha mzazi. Hakuna mtu anayefundishwa hilo, unakua ukilijua. Aliponipa taulo nilisema asante bila kuinua uso, naye akaenda jikoni kutuletea muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kuku.

Nilikula. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilikula nikamaliza.

Tulipokuwa tukiaga, Mwalimu alimwita baba aje atusaidie kupakia vitu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema huyu mzee ndiye wa kumshukuru, maana ndiye aliyemletea kadi yetu. Aliitoa mfukoni siku moja, imefungwa kwenye karatasi, akamwambia kuna watoto kule mjini Wote wanaofanya kazi hiyo vizuri kuliko watu wa Nairobi. Tena hakunyamaza hadi simu ikapigwa.

Rafiki yangu alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akamuuliza alitujulia wapi.

Baba alinitazama mara moja tu siku ile nzima, na ilikuwa hapo. Nikafunga zipu ya begi la kamera.

"Nilisikia tu watu wakiwasifu," akasema.

Ile kadi nilimpa mwenyewe Krismasi, kwa kujigamba. Hakumwambia Mwalimu kwamba mimi ni mtoto wake kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, hakutaka kazi ije kwa kuonewa huruma. Alitaka tupewe kwa uzuri wa kazi yetu, halafu siku tukifika ndipo aseme mbele ya watu wote.

Jumapili iliyofuata nilienda nyumbani Kilungu. Mama alinilaki kwa furaha iliyonichoma. Alisema baba amemsimulia kila kitu, jinsi nilivyomsalimia mbele ya mkubwa wake, jinsi Mwalimu alivyompongeza kwa kulea, jinsi tulivyokula meza moja. Alitaka nirudie yale mazungumzo ya mezani. Nilirudia. Nilitunga maneno ya baba, nikayatunga na ya Mwalimu, mama akicheka na kupiga makofi madogo.

Baba alikuwa shambani chini, kwenye miparachichi. Niliteremka hadi huko. Alikuwa akipanga matunda kwenye gunia na hakuacha nilipomfikia.

"Tata," nikasema, "kuhusu Jumanne."

"Nilidhani pengine una sababu ya kikazi," akasema. "Mambo yenu ya siku hizi siyajui yote."

"Sikuwa na sababu."

Aliligeuza parachichi moja, akaona limedonolewa na ndege, akaliweka kando.

"Wageni wengine," akasema, "hata wale wa kulala siku moja, huniuliza jina."

Nilipiga magoti pale kwenye majani, nikaomba msamaha. Aliniambia niinuke, nguo zangu zitachafuka. Akasema amesamehe. Kisha akasema nisimwambie mama, na hilo ndilo alilolikazia zaidi ya yote.

Kesho yake nilimweleza rafiki yangu. Nilianza na ile habari ya umeneja, nikamalizia na birika. Alikuwa ameifungua picha ya kitanda kwenye kompyuta, ile aliyoichagua iwe jalada la brosha. Aliitazama, akanitazama.

"Uliniacha nimuulize baba yako kama ana watoto," akasema, "na wewe umesimama hapo."

Aliinuka, akatoka, akakaa kwenye ngazi hadi saa ya kufunga. Kwa karibu wiki mbili tuliongea mambo ya kazi tu. Maneno yangu kwenye tovuti aliyafuta yeye, bila kuniambia, na mahali pake pakabaki jina langu na picha yangu peke yake. Tumeendelea kufanya kazi pamoja, lakini siku hizi mteja akiniuliza nimetoka wapi, yeye huacha anachofanya akasikiliza nitakavyojibu.

Nilidhani bado naweza kurekebisha. Brosha zilipochapishwa nilizipeleka Kathonzweni mwenyewe, nikamwambia Mwalimu, baba akiwa amesimama pale, kwamba huyu ni baba yangu mzazi na kwamba niliona haya kumtambulisha. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo njiani kote. Nilitarajia, sijui, labda machozi, labda kukumbatiana.

Mwalimu alimgeukia baba, si mimi. Akamuuliza kwa nini alimdanganya kuhusu ile kadi, miaka minne akimwamini na funguo zote za vyumba. Baba aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Mwalimu." Alisimama kama mwanafunzi. Nilijaribu kuingilia, nikaambiwa ningoje. Mambo yaliisha kwa upole, hakufukuzwa, na baada ya mwezi Mwalimu alikuwa akilitania jambo lile mbele ya wageni. Lakini siku ile, akinisindikiza hadi barabarani, baba aliniambia kwamba hilo nalo lingeweza kubaki bila kusemwa. Nilikuwa nimeutua mzigo wangu juu ya kichwa chake.

Aliacha kazi mwaka jana, magoti yamechoka. Yuko Kilungu na matunda yake, na ninapoenda tunaongea vizuri, tunacheka, anauliza habari za studio. Mama bado hajui. Ninaloliona ni dogo, na sidhani mtu mwingine angeliona. Tukikutana sokoni, au nje ya kanisa watu wakiwa wengi, baba hanisalimii kwanza. Husimama kidogo, mikono nyuma, akaniangalia kwa utulivu. Anangoja asikie nitamwitaje.