Dobi na Shuka za Wodi ya Watoto

Dobi wa hospitali alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka kumi na tisa alifua shuka za wagonjwa, na ngurumo za mashine zilimtosha kwa mazungumzo. Kwa hiyo matroni alipomteua ahudhurie mafunzo ya siku mbili ya kuwasaidia wafanyakazi wenzake waliolemewa moyoni, Mama Pasi, aliyepiga pasi chumba hichohicho cha kufulia, alicheka mpaka akaketi.

"Wewe tena, mafunzo ya kuzungumza na watu? Si wangepeleka mashine, angalau yenyewe inanguruma."

Alikwenda. Akakaa nyuma ya manesi na madaktari wenye madaftari, akatoka na mambo matatu kichwani: muulize mtu waziwazi, ukishauliza nyamaza, kisha umsindikize kwa anayeweza kumsaidia. La kunyamaza alizaliwa nalo. La kuuliza ndilo lililompa homa.

Wiki iliyofuata mzigo wa wodi ya watoto ulishuka umekunjwa. Shuka chafu, pembe kwa pembe, kama za dukani. Hakuna anayekunja shuka chafu; hufungwa bunda zikatupwa kapuni. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Dobi akapanda kuufuata mzigo mwenyewe, akamkuta nesi mkuu wa wodi ndani ya stoo ya nguo, mlango umerudishwa, anakunja.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri tu, kaka."

Akabeba kapu. Kwenye ngazi akasimama. Nzuri tu! Jengo zima lilikuwa nzuri tu. Na yeye dobi wa darasa la saba, nani kampa ruhusa ya kumuuliza nesi mkuu habari za moyo wake? Lakini alijua akishuka, hatapanda tena. Akarudi.

"Dada, shuka hizi zinakwenda majini. Unazikunjia nini?"

Nesi akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Dobi akanyamaza.

"Nikimaliza hapa itabidi nirudi wodini," nesi akasema mwishowe. "Yule mtoto aliyefariki wodini mwezi uliopita, mimi ndiye niliyemchoma sindano... Walichunguza, wakasema sikukosea. Lakini nikishika sindano mkono unatetemeka, kaka. Naogopa nitamdhuru mwingine. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi."

Ushauri ulimjaa Dobi kinywani. Akaumeza.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Twende kwa matroni. Mimi nitakaa nje."

Akakaa kwenye benchi, kapu miguuni, wapitao wakiziba pua. Nusu saa. Saa nzima. Akaanza kujilaumu: pengine badala ya kumsaidia amemchongea.

Mlango ukafunguka. Macho ya nesi yalikuwa mekundu, ila uso umetulia.

"Wiki mbili sishiki sindano. Kesho namuona mshauri. Ile barua nimemwachia matroni aichane, mimi ilinishinda."

"Hakukugombeza?"

"Kanigombeza kwa kuchelewa kumwambia." Akacheka kidogo. "Kaka, nina njaa. Sikumbuki mara ya mwisho niliposikia njaa."

Mwili wote wa Dobi ukalegea kama wa mtu aliyetua gunia. Akashusha kapu chumba cha kufulia, akanawa mikono mara mbili, akamfuata kantini. Nesi alikuwa ameshaagiza chai na mkate. Dobi akaketi mkabala naye, akamtazama akiumaliza mkate wote.