Faili za Kabla ya Chai

Nyakio alikuwa ghorofa ya nne na ngazi bado hazijaisha, diski ya kompyuta ameikumbatia ndani ya leso. Dakar na Lisbon alizijua kwa miguu, lakini jengo hili, nyuma tu ya benki yake katikati ya Nairobi, hakuwahi kuliona. Nyumbani Spring Valley alikuwa amejaribu kuhamisha rekodi za marehemu baba yake. Kompyuta ikaganda, na diski ikaanza kugonga kama ukucha mezani. Nakala nyingine hakuna.

"Ingia, madam," sauti ikamwita. "Nimekusikia tangu ghorofa ya pili. Viatu vyako vimechoka."

Huyo ndiye Kisilu, fundi wa kompyuta aliyeelekezwa kwake. Macho yalimzimika akiwa na miaka tisa. Miaka kumi na moja aliunganisha simu katika wizara moja, mpaka mitambo ikabadilishwa naye akaambiwa aende nyumbani. Hakwenda, alijifunza kompyuta inayosoma kwa sauti. Skrini yake huwa imezimwa.

"Na kipanya kiko wapi?" Nyakio akauliza.

"Nilikifukuza. Kilikuwa kinakula saa zangu. Wewe hizi faili ulizikata ama ulizinakili?"

"Nilizikata zote, nikabandika."

"Aii, madam! Mgonjwa unamwambia ahame na kitanda chake? Tunanakili tu. Na tunaanza na zile utazililia."

Akaichomeka diski kwenye kompyuta yake. Faili zilikuwa elfu tisa, majina yake tarehe na saa tu: kwaya, harusi, mahubiri, na humo humo, baba akisimulia maisha yake.

"Mzee alikuwa anajirekodi saa ngapi?"

Nyakio hakuwahi kuulizwa hivyo. "Kabla ya chai. Saa kumi na moja alfajiri, tukiwa bado tumelala."

Vidole vya Kisilu vikaenda. Kompyuta ikanong'ona kwa kasi ambayo Nyakio, mwenye lugha sita, hakuambulia hata neno. Kisilu akatafuta saa hiyo peke yake, akazichagua zote kwa mguso mmoja, akazinakili, akafungua folda mpya kwenye kompyuta yake, akabandika. Nyakio hakuwa amemaliza kuvuta kiti.

"Mia mbili na kumi na mbili," Kisilu akasema. "Sasa tuombe."

Diski ikagonga. Ikanyamaza. Ikagonga tena. Nyakio akakaa, akimtazama mtu huyu aliyeinamisha sikio kama daktari.

"Zimefika."

Kisilu alipojaribu faili za kwaya, diski iligonga mara tatu, ikafa.

"Pole, madam. Wanakwaya wamebaki huko."

"Wataimba mbinguni," Nyakio alisema, machozi yakimtoka na kicheko pia.

Kisilu akamvika visikizio, akabonyeza kitufe kimoja, akachukua fimbo yake. "Mke wangu Nthenya hapendi kungoja. Ukimaliza kusikiliza, ufunguo mwachie askari wa chini."

Nyakio alikuwa ameshika visikizio kwa mikono miwili. Humo baba yake alikuwa amekohoa, akisafisha koo. Fimbo ya Kisilu ikashuka ngazi, tak, tak, haina haraka.