Mama Tepu Anamtafutia Bobini Nyumba

Mama mdogo wangu ni fundi wa nguo, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mama Tepu, kwa sababu tepu yake ya kupimia haimtoki shingoni. Anakula nayo, anafagia nayo, na siku moja alikwenda nayo msibani, akaja kuikumbuka pale tu mfiwa alipomkumbatia na vidole vikanasa humo. Nimeishi naye tangu darasa la tatu mpaka nimemaliza chuo, na katika miaka yote hiyo sijamwona akimkabidhi mteja nguo bila kumjaribisha.

Kujaribisha kwake si kule kwa kujitazama kwenye kioo. Mteja akishavaa, huambiwa akae kwenye kigoda, anyooshe mikono kama anayeanua nguo, ainame kama anayefunga kamba za viatu, halafu atembee mpaka getini na kurudi. Wageni hucheka.

"Mama, nimekuja kushona gauni au kujiunga na jeshi?"

"Kwani utalivaa ukiwa umesimama tu?" huwajibu, pini zikiwa midomoni. "Kaa hapo tukuone."

Zaidi ya nguo, mama mdogo analea mbwa. Hawafugi, anawalea kwa muda tu. Ilianza miaka sita iliyopita, mbwa asiye na mwenyewe alipozalia chini ya meza yake ya kukatia, juu ya rundo la vipande vya vitambaa. Daktari wa kituo cha kuokolea wanyama alipofika kuwachukua, alikuta daftari limeandikwa nani ananyonya kupita kiasi, nani anasukumwa na wenzake, na nani hulia akiwekwa peke yake. Daktari alilisoma lote akiwa amesimama mlangoni, begi bado begani. Kisha akamwomba awe anawasaidia. Tangu hapo kituo kikielemewa humletea mbwa mmoja, naye humlea katika ua wetu mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Humlea mmoja tu kwa wakati, maana ua wetu ukitandika mikeka mitatu umejaa.

Alikuwa amelea kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Halafu akaja Bobini.

Jina alimpa mwenyewe, kwa kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka chini ya cherehani bila kuchoka. Bobini alikuwa na miezi kumi, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Kabla hatujapiga mswaki alikuwa ameshazunguka ua mara arobaini. Katika daftari, ukurasa wake ulisomeka hivi: "Anaamka saa kumi na moja na nusu. Anakula viatu, vya kushoto tu. Hana ubaya na mtu. Hajawahi kuonekana amelala mchana."

Wa kwanza kumtaka alikuwa mkandarasi wa majengo, mwenye ua mkubwa kuliko nyua zote tulizowahi kuona. Mama mdogo alikwenda na tepu yake, akapima urefu wa ukuta, akapima upana wa ua, akapima hata nafasi iliyo chini ya geti. Alirudi anang'aa.

"Mwanangu, pale atakimbia mpaka achoke mwenyewe!"

Siku ya tisa mkandarasi alimrudisha, akiwa amemshika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba ndoo inayovuja.

"Fundi, mimi nilitaka mbwa. Huyu ni trekta. Maua ya mke wangu yote yako juu chini, mizizi inaangalia mbinguni."

"Mnashinda naye saa ngapi kwa siku?"

"Kushinda naye? Sisi tunatoka alfajiri, tunarudi jioni. Si ndiyo maana nina ua?"

Wa pili walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe, wenye ua mpana na bustani ya matunda, ukuta mrefu, kila kitu. Mama mdogo alipima tena. Hao walivumilia wiki mbili, na walipomleta mwalimu alikuwa na machozi, kwa sababu walimpenda. Bobini alikuwa amemwangusha mkewe mara tatu kwa furaha tu ya kumwona.

Jioni ile daktari alikuja. Alikaa kwenye kigoda cha wateja na kuzungumza polepole.

"Mama Tepu, Ijumaa ya wiki ijayo nina mama mbwa aliyegongwa na gari, ana watoto watano. Hawana pa kwenda ila hapa. Bobini akiwa hajapata nyumba, itabidi arudi vizimbani."

Mama mdogo aliacha kushona. Sote tulijua habari za vizimba. Kabla ya kuja kwetu, Bobini alikuwa amekaa huko wiki tatu, akatafuna wavu mpaka fizi zikatoka damu, kisha akagoma kula siku nne. Daktari hakumtisha mtu. Alisema alichokuwa nacho.

"Siku tisa," mama mdogo alisema.

"Siku tisa."

Jirani yetu muuza mboga, aliyekuwa akisikiliza juu ya ukuta bila kujificha, akaingilia. "Si ubaki naye wewe, Mama Tepu? Mbwa mwenyewe kashakuzoea, anakufuata mpaka chooni."

Nilimtazama mama mdogo usoni, nikaona kwamba jambo hilo alikuwa ameshaliwaza muda mrefu. Bobini alikuwa amelaza kidevu juu ya kanyagio la cherehani, mahali ambapo mguu wa mama mdogo ungekuwa. Mtu mwingine angesema ndiyo hapo hapo, na wote tungempigia makofi. Yeye alisema, "Ngoja nijijaribishe."

Kesho yake alishona kama kawaida, daftari wazi pembeni, na kila saa aliandika kitu. Jioni nilisoma. Kulikuwa na mstari mmoja chini ya mambo mengine yote: "Nilikaa kwa saa kumi. Alinitazama kwa saa kumi." Na chini yake, kwa mwandiko uliokandamiza karatasi: "Haimkai."

Hilo ndilo neno analolitumia kwa nguo isiyomfaa mteja, hata kama ni nzuri na mteja ameipenda. Sijui watu wangapi wangeweza kujiandikia neno hilo wenyewe.

"Unajua nilipokosea?" aliniambia tukiosha vyombo. "Nilipima kitambaa, sikupima mwili. Miaka thelathini nawakataza wanafunzi wangu kosa hilo hilo. Ua mkubwa, ukuta mrefu, na sikuuliza hata mara moja, huyu mwenye nyumba siku yake inakwendaje? Anakaa? Anainama? Anatembea?" Akatikisa sahani yenye povu. "Bobini hahitaji nafasi, mwanangu. Anahitaji mtu asiyekaa."

"Sasa mtu asiyekaa tutamjuaje?"

Alikuwa ameshaanza kufuta mikono kwenye khanga, akielekea kwenye rafu ya nguo za kurekebishwa.

Rafu ile ina suruali nyingi kuliko kitu kingine, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe. Alizishusha zote mezani na kuzigeuza nyuma moja moja, chini ya taa, kama daktari anayetazama picha za mifupa. "Huyu karani, ona makalio yanavyong'aa. Huyu dereva, hivyo hivyo. Huyu anapiga magoti sana, fundi wa vigae." Akasimama kwenye suruali moja ya kijivu. Pindo za chini zilikuwa zimeliwa mpaka nyuzi zinaning'inia, mapaja yamesuguana mpaka yakawa membamba. Lakini nyuma, sehemu ya makalio ilikuwa mpya kabisa, kama imetoka dukani.

"Huyu," alisema. "Huyu hakai."

Nilisoma kikaratasi, nikacheka kwa sauti. Ilikuwa ya msoma mita za maji.

Mtaa mzima unamjua. Ni mwanamume mrefu, mwembamba, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuandika namba za mita, na fimbo yake si ya kutembelea bali ya mbwa. Mama mdogo alikuwa ameziba matundu sita ya meno katika suruali zake. Alipokuja kuichukua kesho yake, aliganda getini.

"Fundi, fungia kwanza huyo simba wako!"

"Ingia, kaka. Huyu hang'ati watu, anakula viatu tu."

"Viatu vyangu navipenda."

Bobini alimzunguka mara mbili, akamnusa magoti, akakaa juu ya mguu wake. Msoma mita alisimama amenyoosha mikono juu kama aliyetekwa. Mama mdogo alimweleza yote: nyumba mbili zilizoshindwa, vizimba, siku saba zilizobaki. Hakumbembeleza wala hakuongeza chumvi.

"Mimi?" alisema yule bwana. "Dada, mimi mbwa wa mji huu tuna kesi. Wananijua kwa sura."

"Nakuomba siku moja tu. Umjaribu kama unavyojaribu suruali. Tutatembea na wewe."

"Na ofisini?"

"Ofisini wanataka nini?"

Akafikiri. "Namba za mita. Hawajali nimezipata na nani."

Basi Alhamisi mama mdogo alifunga kibanda chake siku ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akavaa raba zangu, na tukaondoka saa moja asubuhi. Bobini alikuwa na kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwa msoma mita, ambaye aliishika kwa vidole viwili. Nyumba kumi za kwanza alimkemea. Nyumba ya ishirini alikuwa anaongea naye. "Huku kushoto, bwana. Kushoto! Hapa kuna bibi mkali, tusimame kwa adabu."

Nyumba ya thelathini na tatu alisimama kabisa, uso umembadilika. "Hapa ndipo nilipopatia matundu manne kati ya yale sita. Hapa huwa nakadiria tu kwa mbali."

Nyuma ya geti kulikuwa na mbwa mweusi mwenye kifua kama pipa, akibweka mpaka mate yanaruka. Mwenye nyumba alimshika ukanda wa shingoni na kufungua geti. Mbwa mweusi akamwona Bobini. Bobini akainamisha kifua chini, mkia juu, akamwalika mchezo. Yule mweusi akanyamaza, akanusa hewa, akanusa tena, na kuanzia hapo hakuwa na habari na binadamu yeyote. Msoma mita alipita pembeni yake kwa ncha za vidole, akainama kwenye mita, akaandika namba, akatoka. Nje alitutazama kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Hakuniona! Miaka mitano, leo hakuniona kabisa!"

Ilipofika saa sita mchana mama mdogo aliketi ukingoni mwa barabara na kuvua raba. Nyumba zilikuwa zimefika sitini na nne, malengelenge mawili. Wale wawili hawakuketi. Walikuwa wamesimama mbele yake wakimsubiri, wote wakitweta kidogo, wote wakitazama nyumba inayofuata.

"Nendeni," aliwaambia. "Sisi tumeona."

Hata hivyo hakumaliza hapo. Alikwenda kwa msoma mita, vyumba viwili na kiua kidogo kuliko chetu, na tepu haikutoka shingoni. Alimuuliza mkewe, mpishi wa shule, maswali ya siku zao: nani anaamka kwanza, nani anarudi saa ngapi, hasira zao huishia wapi. Mkewe alisema, "Wifi yangu, mume wangu Jumapili hunizungukia jikoni mpaka napata kizunguzungu. Kama wapo wawili, wazungukane wenyewe huko nje."

Ijumaa mama mbwa alikuja na watoto wake watano, akapata ua mtupu na uliofagiwa.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kumjaribisha Bobini mara ya pili, saa nane mchana, siku ya mapumziko. Alikuwa mlangoni, amelala ubavu, miguu imenyooka, anakoroma. Mama mdogo alisimama. Alikuwa hajawahi kumwona amelala mchana. Bobini alifungua jicho moja, akamtambua, akapiga mkia sakafuni mara tatu, kisha akalifunga tena. Hakuinuka.

Niliogopa kwamba ataumia. Pengine aliumia. Lakini tulipofika nyumbani alifungua daftari na kuandika neno moja: "Imemkaa."

Mwezi uliofuata msoma mita alileta suruali ile ile ya kijivu. Mama mdogo aliigeuza pande zote, akatafuta matundu ya meno kwenye pindo, hakuona hata moja. Mfuko wa kulia ndio uliokuwa umetafunwa wote, ukabaki ukingo tu.

"Huwa naweka biskuti humo," bwana yule alisema kwa aibu.

"Nitakuwekea wa turubai," akajibu mama mdogo, na tayari alikuwa anautafuta mkasi.