Aliyechambua Habebi

Nyumbani kwetu Isansa, msimu wa kahawa, mtu wa kwanza kunywa chai jioni alikuwa mama. Si baba, si bibi mzaa baba aliyekaa karibu na mafiga akisubiri kuheshimiwa, wala si sisi watoto tuliotoka kupandisha viroba mlimani midomo imekauka. Baba mwenyewe ndiye aliyemmiminia, kisha anakaa kimya mpaka mama afike nusu ya kikombe, ndipo na sisi tunapata. Bibi hakupenda kabisa. "Mwanamke kakaa kutwa nzima kwenye mkeka," alikuwa anasema, akiuambia moto badala ya kumwambia mwanawe, "kachoka nini?"

Mama alikuwa mchambuaji wetu. Kahawa ikichumwa asubuhi lazima ifike kwenye mashine ya kumenyea siku hiyo hiyo, maana ikilala na maganda yake inaanza kuchacha. Na haiendi hivi hivi. Lazima mtu akae, aimwage kwenye turubai, atoe mbichi, atoe zilizoiva nusu, atoe nyeusi zilizokaukia mtini na zile zenye tundu la mdudu, zibaki nyekundu tupu. Karani wa mashine akiona mbichi kwenye kiroba chako anakurudisha nacho mbele za watu, na Isansa ilikuwa ndogo, mpaka ufike nyumbani habari imeshakutangulia. Kwa hiyo mama alichambua kama mtu anayesoma maandishi madogo sana. Ukimsemesha hakujibu. Mbu angemtua shavuni akamaliza shughuli zake akaondoka.

Kazi ikiisha, mama alikuwa si mama. Alikuwa ananiita mimi kwa jina la kaka, na kaka anamwita kwa jina la mbuzi. Alikuwa anasimama mlangoni na sufuria mkononi, anauliza sufuria iko wapi. Siku moja alitia chumvi kwenye chai, akainywa, akasema imekolea vizuri. Tulicheka mpaka tukagaragara, naye akacheka na sisi, ila macho yake yalikuwa bado yanatafuta mbichi.

Hapo ndipo ilipokuwa inaingia sheria ya baba: aliyechambua habebi. Kutoka kwetu mpaka kwenye mashine ni kushuka bondeni, kuvuka kijito kwa daraja la magogo, halafu kuupanda mlima unaokutazama usoni. Tulibeba baba, kaka na mimi, kila mtu na kiroba chake na ngata yake ya kichwani. Mama hakuruhusiwa kubeba hata mwavuli. "Amechambua huyo," baba alikuwa anasema, "msimtume hata maji." Mimi nilijua baba anampendelea mkewe tu. Nilikuwa na miguu ya mbuzi jike wakati ule, naupanda ule mlima na kiroba kichwani huku naimba pambio za kwaya, na nilimwonea mama wivu wa chai ya kwanza. Nyie acheni, ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu umelala juu ya mibuni, sweta imelowa mikono yote miwili, halafu unafika nyumbani unakuta kande linachemka! Ningepewa ule mwaka mmoja tu niuishi tena, ningebeba na kiroba cha jirani.

Siku hizi ninakaa Tunduma. Mimi ni wakala wa forodha, yaani kazi yangu ni kuhakikisha nyaraka za lori zinasema kitu kile kile ambacho lori limebeba. Inaonekana kazi ya kukaa, na kweli ninakaa. Kutwa nzima nipo mbele ya kompyuta, ninalinganisha tarakimu na tarakimu, namba ya kontena na namba ya kontena, huku mfumo ukiwa chini kila ninapouhitaji na dereva wa Zambia amesimama dirishani ananiambia "Bamayo, muli shani," yaani mama, hujambo, kwa upole wa mtu aliyelala kwenye foleni. Nikikosea herufi moja, lori halivuki. Jioni nikitoka hapo, ngazi za nyumba niliyopanga zinanishinda. Nilidhani ni uzee unanipigia hodi. Nilimwendea daktari, akanipima kila kitu, akaniambia misuli yako mizima, mama. Ubongo ndio uliochoka. Ukishinda unaangalia na kuamua, kuangalia na kuamua, mwisho unauambia mwili kwamba ngazi ni ndefu kuliko zilivyo, na mwili unaamini. Nilitoka pale nimemkasirikia. Nilikuwa nimekwenda kutafuta dawa.

Mama alifariki wakati mimi nimeshaanza kazi mpakani. Baba akabaki na mibuni, na kwa misimu kadhaa alichambua mwenyewe, wakabeba vibarua, mpaka macho yakaanza kuingia ukungu. Kahawa iliyoiva nusu na iliyoiva kabisa akawa anaziona rangi moja. Karani akamrudisha na kiroba. Baba yangu, mtu aliyekuwa mzee wa kanisa, akashuka ule mlima na kiroba chake watu wanamwangalia. Alinisimulia kwenye simu kwa sauti ya kutania, nami nikajifanya ninacheka.

Kaka, ambaye anafundisha Vwawa, akasema basi yaishe. Ung'olewe mbuni, ipandwe parachichi kama majirani wote. Hakusema kwa ubaya. Parachichi halina uchambuzi, mnunuzi analifuata shambani kwa gari lake. Lakini ile mibuni aliipanda mama akiwa bibi harusi, na ndiyo iliyotusomesha, na mimi nilipandisha sauti kwenye kikao mpaka shangazi akanishika goti. Kaka akanisubiri nimalize, akauliza polepole: "Dada, nani atachambua? Nani atabeba?"

Nikamjibu, "Mimi."

Tukakubaliana msimu mmoja. Nikiweza kuifikisha kahawa kwenye mashine, mibuni inabaki. Nikishindwa, kaka analeta miche yake nami sitanyanyua mdomo. Baba alipokuwa ananisindikiza barabarani alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, nikajua anataka nishinde.

Ijumaa ya mchumo wa kwanza nilifunga kompyuta macho yananiwasha, nikapanda gari kwenda nyumbani. Kulipokucha, akina mama wa jumuiya walikuja kuchuma kwa zamu yao, kama tunavyochumiana, wakamaliza mapema wakawahi msibani kijiji cha pili. Vijana wa bodaboda walikuwa mnadani, na hata hivyo pikipiki haishuki bondeni kwetu. Nikabaki mimi, baba na lundo la kahawa kwenye turubai la mama.

Niliketi nikachambua. Baba aliketi kando yangu kunisogezea, akiniambia habari za mvua na za mchungaji mpya anayehubiri mpaka ugali unapoa. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Vidole vilikumbuka kazi. Nilijiambia: hapa ninakaa, miguu inapumzika, wiki nzima nimekaa, hata mguu mmoja sijautumia. Yaani nilijihesabia kukaa kuwa ni kupumzika. Mtoto wa yule mama, niliyemwona kwa macho yangu akimwita kaka jina la mbuzi, nikawaza kama bibi.

Jua lilipoanza kuegemea magharibi kahawa ilikuwa nyekundu tupu, inang'aa. Baba aliichota kwa viganja akainusa. "Kama ya mama yako," akasema. Nikasokota ngata, akanitwika kiroba, nikaondoka.

Kushuka bondeni nilishuka. Kwenye daraja la magogo nikaanza kuona mambo. Gogo la katikati lilikuwa mbali na la kwanza kuliko nilivyolijua. Nililitazama nikaliamua, nikanyanyua mguu, mguu ukachelewa. Haukuuma. Hilo ndilo lililonitia hasira, kwamba hakuna kilichouma. Pumzi ilikuwepo, mgongo ulikuwepo, kiroba kilikuwa kile kile cha usichana wangu, ila kimeongezeka uzito njiani kana kwamba kuna mtu anatia mchanga. Nilivuka. Nikaanza mlima, nikapiga hatua chache, na ule mlima niliokuwa naupanda nikiimba ukawa haupandiki. Nikateleza. Kiroba kikaanguka, kamba ikakatika, kahawa ya mama ikamwagika kwenye udongo mwekundu.

Nilipiga magoti nikaanza kuiokota, na hapo nikagundua sioni nyekundu juu ya nyekundu. Nilikuwa naokota kokoto naweka kwenye kiroba. Nikakaa chini nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa, kwa sauti, hakuna wa kunisikia zaidi ya kijito.

Alinisikia baba. Alikuja akipapasa njia kwa fimbo, akavuka magogo kwa miguu iliyolijua daraja kuliko macho yake. Hakuuliza kama nimeumia. Alitafuta bega langu kwa mkono, akaketi kando yangu kwenye matope na suruali yake safi.

"Nisamehe, baba," nikamwambia. "Nipe dakika kidogo, nipumzike, nitajaribu tena. Mashine bado haijafungwa."

Alichomeka fimbo yake udongoni.

"Mama yako alianguka hapa," akasema. "Hapa hapa, nyie wawili mkiwa wadogo. Wakati huo alikuwa anachambua na anabeba, na mimi ninamwona mama yangu akinung'unika, ninaogopa kusema kitu. Alianguka na kiroba, akapasuka hapa kwenye paji." Akanigusa juu ya jicho, mahali pale pale mama alipokuwa na kovu ambalo sikuwahi kuliuliza. "Damu inamtoka, halafu unajua aliniambia nini? Aliniambia nisamehe. Ameanguka yeye, ananiomba msamaha mimi. Siku hiyo ndiyo nikasema katika nyumba yangu aliyechambua habebi."

Nikamwambia lakini baba, mibuni.

"Mama," akasema, na baba huniita mama anapotaka nimsikilize, "ile sheria inahitaji nyumba yenye watu. Mimi sioni, wewe unachambua mpakani wiki nzima unakuja kunichambulia na mimi. Wa kubeba hayupo. Mwambie kaka yako alete miche."

Nilibishana naye, nami kwa kubishana sijambo. Alisubiri nimalize kama kaka alivyonisubiri. Kisha tukakusanya tulichoweza, tukakiburuta kiroba mpaka nyumbani, baba ameshika ncha moja na mimi ncha nyingine. Tukaianika na maganda yake, kwa kuwa mashine ilikuwa imeshafungwa. Jioni hiyo alichemsha chai mwenyewe, akanimiminia, nusu ikaenda mezani, akakaa kimya mpaka nilipofika nusu ya kikombe. Nilijua ananisubiri mimi, na nilijua anamsubiri nani mwingine.

Kaka alikuja na miche yake na hakunicheka hata kidogo. Walipokuwa wanang'oa, nilimwona anageuka kando na kujifuta uso kwa shati, nikaenda kusimama karibu naye. Sasa parachichi zimenifika kiunoni na zinapendeza, sina budi kukiri. Ile kahawa tuliyoianika na maganda niliitwanga kidogo, ninayo kwenye kopo Tunduma. Siinywi. Ninafungua tu kifuniko nikanusa, siku ambazo baridi ya Isansa imenikaa rohoni.

Ninakwenda kwa baba kila Ijumaa ninayoweza. Anausikia mlango wa gari, anatoka na fimbo yake mpaka kwenye ua. Ninapiga goti, shikamoo baba, na kabla ya marahaba anauliza: "Leo umechambua?"

Ninamwambia nimechambua.

Basi hapo anatupa fimbo chini, ananyoosha mikono yote miwili hewani, anapapasa mpaka aupate mkoba wangu. Ananinyang'anya. Anaubeba mpaka ndani, bega linagonga ukuta, mguu unatafuta kizingiti, nami ninamfuata nyuma mikono mitupu. Mara ya kwanza nilitaka kumzuia. Sasa ninamwachia.